Mkalimani wa Dirisha la Mikopo

Njia nzima kutoka Segese, juu ya magunia ya pamba katika lori, Nyamizi alijiapiza kwamba akifika dirishani hatamtazama karani machoni. Alifika, akamtazama.

Fikirini alikuwa nyuma ya nondo za dirisha, kalamu mkononi, akimsikiliza mwenye duka mmoja aliyelalamika kuhusu bei ya chumvi. Hakuwa mzuri kupita vijana wote wa Shinyanga. Huo ndio ukweli, na Nyamizi aliujua. Sikio lake la kushoto lilitokeza kuliko la kulia, na mkono wa kanzu yake ulikuwa na doa la wino lisilotoka kwa sabuni yoyote. Lakini alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, asiandike neno mpaka msemaji amemaliza, na mtu akitoka pale huhisi kwamba maneno yake yamefika mahali. Msimu wote wa pamba Nyamizi aliuza samli sokoni pamoja na shangazi yake mwenye nyumba mjini, na msimu wote Fikirini alinunua samli nyingi kuliko inavyoweza kuliwa na mtu na mama yake. Mama huyo, Bi Mwahija, alikuwa amekwisha kumwuliza mwanawe kama ana nia ya kuukaanga mji mzima.

Fikirini aliinua macho. Kalamu ikasimama hewani.

"Sogea mbele, usisimame kama mti," shangazi Scolastika alimnong'oneza Nyamizi mgongoni. "Na macho yako uyarudishe. Umeyaacha mle ndani."

Bujiku, baba yake Nyamizi, alikuwa amefika dirishani kabla yao. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti zito hata juani. Nyumbani hakusema ila Kisukuma. Ujanani aliwahi kubeba mizigo hadi Tabora, lakini alisema Kiswahili cha huko alikiacha hukohuko pamoja na viatu vyake. Kwa hiyo kila alipokuja mjini kwa jambo zito, Nyamizi ndiye aliyekuwa kinywa chake.

"Shikamoo, mzee," alisema Fikirini.

"Marahaba," alijibu Bujiku. Neno hilo hata mbuzi wa Shinyanga walilijua.

"Mwambie tumekuja kwa mkopo," Bujiku alimwambia bintiye kwa Kisukuma. "Mweleze yote, usipunguze."

Nyamizi alieleza. Kaka yake Mihayo alikuwa amepata mwamba wenye dhahabu upande wa Geita, na duara lake, shimo la kuchimbia, lilikuwa limeshuka vizuri mpaka maji yalipoanza kuingia. Bila pampu, mvua za kwanza zingelizika duara lote na kazi yote iliyomo. Bujiku aliomba fedha ya pampu na mbao za kukingia kuta, na dhamana yake ilikuwa ng'ombe wake.

Aliyasema hayo kwa sauti isiyotetemeka, na alijisifu moyoni. Jambo ambalo hakulisema dirishani Fikirini alilijua tayari, kwa sababu Nyamizi alikuwa amempelekea habari juzi. Tajiri mmoja wa Masumbwe, jina lake Ngassa, alikuwa ameahidi kutoa fedha ya pampu yeye mwenyewe, pamoja na ng'ombe wa mahari, amchukue Nyamizi awe mke wa tatu. Ng'ombe hao walikuwa njiani. Kesho alasiri wangefika Segese. Bujiku hakupenda, lakini hakukataa. "Tujaribu benki kwanza," alikuwa amesema. Benki ikitoa leo, angerudi na lori la jioni na kumgeuza Ngassa mlangoni. Isipotoa, angerudi na lori hilohilo kumpokea.

Na benki leo ilikuwa ni Fikirini. Bwana Karsan, mwenye benki, alikuwa Mwanza, na muhuri wa kupitishia mikopo midogo alikuwa amemwachia karani wake mkuu. Ulikuwa pale juu ya meza, mpini wake mweusi ukimeta, karibu na mkono wenye doa la wino.

Nyamizi aliutazama muhuri ule. Mkono usogee shibiri moja tu. Shibiri moja, na Ngassa amekwisha.

Fikirini alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha, badala ya kuandika, aliweka kalamu chini. Alisimama, akapiga hatua kurudi nyuma, kama mtu aliyekanyaga ukumbi wa mwenzake bila kubisha hodi.

"Mzee Akida," aliita, "njoo uandike. Siwezi kulishika ombi hili. Nina langu ndani yake."



Mzee Akida, karani wa pili, alitoka chumba cha nyuma akipangusa miwani. Alikuwa mtu wa Tabora mwenye ndevu nyeupe fupi, na hakuwahi kuonekana akikimbilia jambo lolote. Kazi yake ilikuwa kuandika tu, muhuri haukumhusu. Alikaa, akachovya kalamu.

"Sababu?"

"Ni watu wangu wa karibu."

"Karibu si sababu. Hata kijiji cha Ibadakuli ni karibu." Mzee Akida hakuinua uso. "Amri ya Bwana Karsan inasema karani asishike mkopo wake, wala wa nduguye, wala wa mtu ambaye anatarajia kupata kitu kwake. Huyu mzee si ndugu yako. Unatarajia kupata nini kwake?"

Mwenye duka wa chumvi, ambaye shughuli yake ilikuwa imekwisha zamani, alisogea asipitwe. Kwenye benchi la kungojea watu waliacha kuzungumza.

Fikirini alimtazama Nyamizi. Yalikuwa macho yaleyale ya sokoni, ya mtu anayeuliza bei ya samli huku anajua ataitoa yoyote atakayotajiwa.

"Natarajia kumwoa binti yake," alisema.

Kalamu ya Mzee Akida ilikwaruza karatasi. 

"Yesu na Maria," alisema shangazi Scolastika.

"Amesema nini?" aliuliza Bujiku kwa Kisukuma.

Nyamizi aligeukia dirisha. Alizishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, haraka, kwa sauti ya chini:

"Umefanya nini?"

"Nimesema kweli."

"Mbele ya watu? Mbele ya baba? Wewe hujui kwamba kwetu mwanamume hajisemei? Kuna mshenga, kuna siku yake, kuna maneno yake. Wewe umeniposa kama mtu anayeagiza mafuta ya taa."

"Sikuposa. Nimeeleza kwa nini nimeondoka kwenye meza."

"Muhuri huo hapo. Ungeugonga tu. Nani angejua?"

"Wewe ungejua. Mimi ningejua."

"Mimi ningefurahi."

"Sikiliza, Nyamizi." Alisogea mpaka nondo moja tu ikabaki kati ya nyuso zao, na Nyamizi alisikia harufu ya wino na karafuu. "Nikiugonga leo, fedha itatoka leo. Halafu siku moja mtu atauliza karani alipata nini. Jibu litakuwa wewe. Watasema Bujiku aliuza binti kwa muhuri. Bwana Karsan ataudai mkopo wote siku hiyohiyo, na ng'ombe wa baba yako watachukuliwa hata kama hawana kosa. Nitakuwa nimekuoa kwa kumfilisi mzee wako."

"Na usipougonga, kesho Ngassa ataniingiza kwake."

"Najua."

"Unajua, na bado unakaa mbali na meza?"

 Midomo ya Fikirini ilikuwa imekauka. Nyamizi aliona, na alichukia kwamba ameona.

"Sijalala tangu juzi ulipoleta habari," alisema Fikirini. "Muhuri huu nimeuzunguka kama fisi. Usidhani ni rahisi."

Nje, lori la pamba lilipiga honi. Dereva alikuwa anawaita abiria wa Segese.

"Nyamizi," alisema Bujiku, taratibu. "Maneno yamekuwa mengi kuliko kawaida ya mkopo. Amesema nini?"

Sasa ndipo hatari yenyewe ilipofika. Nyamizi angeweza kusema chochote. Angeweza kusema kwamba karani anaumwa, kwamba muhuri umekauka wino, kwamba benki inaomba wangoje mpaka kesho. Baba yake angeamini, kwa maana hakuwa na sikio lingine ila lake. Kwa uongo mdogo tu angemzuia mjini, na ng'ombe wa Ngassa wangeukuta mlango umefungwa. Alifungua kinywa na uongo ulikuwa tayari, mtamu, umekaa ulimini.

Aliangalia upande wa dirisha. Fikirini alikuwa amerudi nyuma, mbali na meza, mikono kando kama mtu anayepekuliwa.

"Anasema hawezi kulishika ombi lako," alisema Nyamizi kwa Kisukuma. "Anasema ana lake ndani yake. Anasema anataka kumwoa binti yako."

"Binti yupi?"

"Baba."

"Ninao watatu. Mwulize."

Nyamizi alimgeukia Fikirini, masikio yakimwaka. "Anauliza binti yupi."

"Mwambie aliyesimama mbele yangu."

"Anasema aliyesimama mbele yake."

"Mbele yake amesimama pia dada yangu Scolastika," alisema Bujiku, "na ni mjane."

Scolastika aliguna. "Kaka, usinichekeshe mahali pa watu. Huyu ni mtu wa msikitini, hana zizi, hana hata ndama. Mama yake atamla Nyamizi kwa macho. Mwambie lori linaondoka, twende."

Bujiku alinyoosha mkono kumnyamazisha. Uso wake haukuonyesha kitu. "Mwambie kwetu mwanamume hajileti mwenyewe. Mwambie amenivunjia heshima."

Nyamizi alitafsiri, neno kwa neno. Fikirini aliinamisha kichwa.

"Mwambie naomba radhi. Mshenga yupo, mama alikwisha kumpata. Nilikuwa nangoja ng'ombe wapatikane kwanza. Leo sikuwa na njia ya kuondoka mezani bila kusema sababu, wala sababu nyingine sikuwa nayo."

"Hao ng'ombe anawangoja kutoka wapi?" aliuliza Bujiku, maneno yalipomfikia.

"Ameomba mkopo," alisema Nyamizi.

"Kwa nani?"

"Kwa benki hii."

Bujiku alitazama muhuri, kisha akamtazama karani. "Ombi lake anapitisha nani?"

"Bwana Karsan mwenyewe. Bado hajalisoma. Limekaa tangu ununuzi wa pamba ulipokwisha."

"Na muhuri amekuwa nao muda huo?"

Nyamizi aliuliza. Mzee Akida ndiye aliyejibu, akiwa bado anaandika. "Kila Bwana Karsan anaposafiri. Nami kila mara humwambia huyu kijana, andika lako, mimi nitatazama dirishani. Hucheka. Aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yake, Marselino, alijikopesha mpaka baiskeli mbili. Mtu mmoja, makalio mawili, baiskeli mbili. Sikuelewa hesabu yake."

Benchi zima lilicheka. Bujiku alikohoa ndani ya mkono wa koti lake, na kikohozi kilichukua muda kidogo kuliko kikohozi cha kweli.

Honi ililia tena, mara mbili.

"Kaka," alisema Scolastika.

"Nasikia." Bujiku hakusogea. "Nyamizi, mwulize jambo moja. Kama mtu hawezi kushika mkopo ambao ana lake ndani yake, basi ng'ombe wa dhamana hukaguliwa na nani?"

Fikirini alipoelezwa swali hilo, uso wake ulibadilika. Yule kijana wa samli aliondoka, akarudi karani. "Hutumwa mtu ambaye hamdai mwenye ng'ombe na wala hataki kitu chake. Akitaka kitu, hutumwa mwingine. Kwa nini anauliza? Ng'ombe wake wamekwisha kukaguliwa?"

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Wiki iliyopita. Ngassa alikuja akawapita mmoja mmoja. Alisema nusu ni wazee, na waliobaki wana ugonjwa wa kupe. Alisema kwa ng'ombe hao hakuna mtu atakayemkopesha baba hata fedha ya mpini wa jembe. Ndiyo maana baba hakumkataa."

"Aliwakagua kama nani?"

"Kama mtu wa kumkopesha."

"Na anataka nini kwa baba yako?"

Swali hilo lilikuwa la kazi, limeulizwa kwa sauti ya kazi. Lakini mkono wa Fikirini ulikuwa umeushika ukingo wa meza, na vifundo vya vidole vilikuwa vyeupe.

"Ananitaka mimi," alisema Nyamizi.

 Hata mwenye duka wa chumvi alikuwa ameelewa.

"Basi mwambie mzee hivi," alisema Fikirini. "Mimi siwezi kusema ng'ombe wake ni wazima au wagonjwa. Sijawaona, na hata ningewaona nisingeruhusiwa kusema, kwa sababu namtaka binti yake. Na Ngassa anamtaka binti yuleyule. Kwa hiyo yeye pia hakupaswa kusema."

Nyamizi alitafsiri. Alipofika neno la mwisho aliona taya la baba yake likikazana. Bujiku alikuwa mtu aliyewajua ng'ombe wake kwa majina na kwa mama zao, na kwa wiki nzima alikuwa ameamini macho ya mtu mwingine kuliko yake. Alikuwa ametoka zizini kila asubuhi akiona wazee mahali palipokuwa na mitamba.

"Yule dume mwekundu," alisema polepole, "alisema ni mzee. Nilimzalisha mama yake mimi mwenyewe mwaka wa nzige. Nikajiambia labda nimesahau kuhesabu miaka."

Honi ya tatu ilikuwa ndefu. Dereva alipaza sauti kwamba anaondoka na haogopi mtu.

Bujiku aligeuka. Nyamizi alifumba macho. Hakutaka kuona mgongo wa koti lile ukitoka mlangoni. Alisikia hatua. Alisikia benchi likilia. Alipofumbua macho, baba yake alikuwa ameketi kati ya mwenye duka na mwanamke mmoja aliyebeba kuku, fimbo imelala magotini.

"Huyo Karsan anarudi lini?" aliuliza.

"Kesho, kwa gari moshi la mchana," alisema Nyamizi. Alikuwa amemsikia Mzee Akida akimwambia mteja mwingine.

"Nitalala kwa Scolastika. Kesho Karsan mwenyewe atume mtu wa kukagua ng'ombe wangu, mtu asiyetaka kuoa."

"Na ng'ombe wa Ngassa?" aliuliza Scolastika. "Wanafika kesho, kaka. Utamwachia nani awapokee?"

"Mahari haipokelewi na mke wala mtoto, na mwenye boma hayupo. Watageuka." Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Nje, lori liliunguruma na kuondoka, na kelele zake zikapungua kuelekea magharibi. "Haya, Nyamizi. Sasa mwambie huyo kijana yafuatayo. Amtume mshenga kwa Scolastika, kesho jioni, baada ya gari moshi. Na kuhusu ng'ombe wa mahari, mwambie kwanza idadi ninayotaka ni..."

"Siwezi, baba."

"Huwezi nini?"

Nyamizi alikuwa amesema kwa Kisukuma. Sasa alisema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha nyuma, na hakumtazama mtu ila mmoja.

"Siwezi kuishika tafsiri hii. Nina langu ndani yake."

Fikirini alishika nondo. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepigwa na jua usoni, na sikio lake la kushoto lilikuwa limegeuka jekundu.

Mzee Akida alichovya kalamu. "Sababu?"

"Andika kwamba namtaka," alisema Nyamizi. "Tangu kopo la pili la samli."

"La pili," Mzee Akida aliandika, bila haraka. "Yeye aliniambia la kwanza."

Kicheko kilivuma benchi zima, na Scolastika alijifunika uso kwa kanga, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bujiku alingoja mpaka wamalize. Kisha alisimama, akaenda dirishani, akaweka kiwiko chake mahali palepale bintiye alipokuwa ameweka mikono.

"Kijana," alisema kwa Kiswahili, cha Tabora, kizito lakini kimenyooka. "Hilo gari moshi husimama saa ngapi?"

Nyamizi aliganda. Kila neno alilolinong'ona dirishani lilimrudia usoni, moja baada ya lingine: muhuri, nani angejua, mimi ningefurahi.

"Baba. Unakijua Kiswahili?"

"Kiasi."

"Kwa nini basi siku zote unanitumia mimi kama kinywa chako?"

"Mtu akisema, namsikia kwake. Halafu namsikia kwako. Katikati napata nafasi ya kufikiri." Bujiku hakumgeukia, alikuwa bado anamtazama karani, macho kwa macho, kama anavyotazama mnyama kabla ya kumnunua. "Huyu nimemsikia mara mbili leo, mara kwa kinywa chake na mara kwa kinywa cha mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunidanganya."

Fikirini aliziachia nondo. "Na umesikia nini, mzee?"

"Yamelingana," alisema Bujiku. Akasukuma fimbo yake kupitia nondo, akaugusa muhuri kwa ncha, akausogeza mbali zaidi na mkono wa kijana. "Saa ngapi, nimeuliza?"